Kanyere Wawili, Anwani Moja

Mashine haina haya wala haina hofu, ndiyo maana watu wameingia ujinga wa kuamini kwamba haisemi uongo. Sikilizeni basi yaliyompata Delphin wa Butembo, kisha kila mtu aende kwake na ajiangalie.

Jumatatu hiyo Delphin alifika bureau, ofisini kwake, mapema, ukungu bado umelalia mabati ya mji. Bureau yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na saruji, na mlangoni paliandikwa kwa rangi ya bluu: Umoja wa Barabara. Kazi ya Umoja ilikuwa moja tu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, barua moja ilitoka kwenye mashine yao ikaenda kwa wanachama wote kwa pamoja, kuwaambia barabara ipi inapitika na ipi imekufa, kutoka Butembo mpaka Beni, Beni mpaka Kasindi, na huku chini mpaka ziwani Kyavinyonge. Waliopokea barua hiyo walikuwa wenye malori, mawakala wa forodha, wachuuzi wa samaki. Delphin, fundi wa mashine, alijua hesabu yao bila kuangalia: mia nne na kumi na wawili.

Siku hiyo mashine ilikuwa imeandika kwamba barua zimefika kwa watu mia nne na kumi na watatu.

"Sophie," akaita. "Kuna mutu uliingiza mu orodha?"

Sophie, karani wa bureau, alikuwa anapanga viti. "Mimi? Mi hata mot de passe ya kuifungua sina, Delphin. Ni weye mwenyewe uko nayo."

Delphin akapitia majina moja moja, mara mbili. Mia nne na kumi na wawili. Akavuta kiti akae, akaruka. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yake yalikuwa ya rangi ya udongo. Akatazama dari. Dari ilikuwa kavu.

"Fasi hii inanuka nini?" Sophie akauliza, akikunja pua. "Kama mutoni kisha mvua."

Delphin akakimbilia dirisha kulifungua. Harufu ile ilimtisha, na sasa lazima niwaambie kwa nini.

Mwezi mmoja na nusu nyuma, Mzee Malachie, mkubwa wa Umoja, alinunua mashine mpya. Ya zamani ilikuwa imechoka, barua ya alfajiri inafika saa nne, wakati lori limeshakwama. Delphin akapewa kazi ya kufunga programu mbili mahali pa moja. Ya kwanza ni seva ya barua, na hiyo ni tarishi: unampa bahasha, anaipeleka, hajui kitu kingine. Ya pili ni programu ya orodha, na huyo ndiye karani: anajua nani ni mwanachama, anapokea barua moja na kuitoa nakala mia nne. Ugumu wote uko kwenye kuwaunganisha. Karani asipomwambia tarishi anwani, tarishi hatauliza, na mtu atakaa kwake akidhani hakuna habari.

Delphin aliziunganisha vizuri, tusimwonee. Alikuwa fundi. Lakini siku ya kuhamisha majina, wageni walikuwa wanakuja saa nane kuona mashine mpya, Mzee Malachie ameshaagiza soda, na programu ya orodha ikasimama ikauliza: nina Kanyere Solange mara mbili, anwani mbili, nifanye nini?

Sasa, kwetu majina yanafuata zamu ya kuzaliwa. Zamu ikifika, mtoto ni Kanyere, wapende wasipende, na padri naye ana majina yake yale yale anayoyapenda ya kuongeza juu. Butembo ukisimama sokoni ukaita Kanyere, watageuka wanawake ishirini. Delphin alilijua hilo tangu titi la mama yake. Dada yake mwenyewe, tumbo moja, ni Kanyere, Kanyere Eliane, aliyekuwa Beni akisomea uuguzi. Kosa hili mtu wa mbali angelifanya kwa kutojua. Delphin alilifanya akijua, kwa sababu ya haraka. Akajiambia: ni mama mmoja aliyesahau mot de passe akafungua anwani nyingine. Simu moja ingetosha kuuliza. Hakupiga. Akaandika amri: jina moja, anwani moja. Programu ikabakiza Kanyere Solange wa Kyavinyonge, mchuuzi wa samaki, ikamfuta Kanyere Solange wa Kasindi, wakala wa forodha. Wageni wakaja, wakanywa soda, wakapiga makofi.

Siku kumi na moja baadaye mvua ilinyesha milimani Ruwenzori usiku kucha, mto ukajaa, ukabeba daraja la barabara ya Kasindi. Barua ikatoka saa kumi na moja: mtu asipite. Watu mia nne na kumi na wawili wakakaa. Kanyere Solange alikuwa Beni kwa kazi, ana makaratasi ya lori la mtu yanayongojwa mpakani. Akafungua simu yake, akaona hakuna barua. Kwake, kutokuwa na barua kulikuwa na maana moja tu, barabara ni nzima. Akapanda pikipiki saa kumi na mbili na nusu, ukungu mzito. Daraja halikuwepo, wakatumbukia mtoni. Motari aliyemwendesha aliokolewa na mizizi. Solange hakuonekana tena.

Na hapo ndipo Delphin alipotenda lile ambalo mimi nikilifikiria mpaka leo nashikwa na hasira. Mama wa marehemu, Mama Kavugho, alituma watu Umoja kuuliza: mtoto wangu alikuwa mwanachama miaka minne, mbona hakuambiwa? Mzee Malachie akamgeukia Delphin. Delphin akasema nipeni dakika kumi. Akaingia chumba cha mashine, akafunga mlango, akafungua daftari la seva ya barua, lile ambamo tarishi anaandika mwenyewe kila bahasha aliyoifikisha na saa yake. Kati ya mistari akaandika kwa mkono wake mstari mmoja: Kanyere Solange, Kasindi, saa kumi na moja na dakika mbili, imefika. Akauchapa kwenye karatasi.

Karatasi hiyo aliisoma mwenyewe kwenye matanga, mbele ya watu mia mbili. Mwili haukuwepo. Kwetu mtu asipoonekana huzikwa mgomba mahali pake, asibaki bila kaburi, na Mama Kavugho alikuwa ameukata mgomba kwa urefu wa binti yake, anaupima kwa mikono, amekumbuka mpaka kimo cha bega. Walipoufunga kitenge, Delphin akasimama na karatasi. Watu wakatikisa vichwa. "Aliambiwa," wakasema. "Kichwa ngumu. Aliambiwa na akaenda." Wengine wakaondoka kabla ya udongo kujaa. Mama Kavugho hakulia tena baada ya pale. Alikaa tu akitazama karatasi mkononi mwa Delphin.

Basi mnaelewa kwa nini Jumatatu ile, aliponusa mto ndani ya bureau ghorofani, Delphin alikimbilia dirisha.

Jumanne barua zilifika kwa watu mia nne na kumi na watatu. Saa nne kamili, mchana kweupe, motokari zinapiga honi barabarani, ikaingia barua kwenye sanduku la msimamizi. Ilitoka kwenye anwani aliyoifuta. Ilikuwa na maneno machache:

Delphin. Unasema nilipata barua. Nilipata wapi?

Akaifuta haraka. Akaingia kwenye seva, akaizuia anwani ile isiweze kuingiza hata nukta. Saa tano ikaja nyingine.

Unasema tuko moja. Sawa. Tuko moja.

"Delphin," Sophie akamwita kwa sauti ya chini, amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. "Kuya uone. Mais usiseme kitu kwa nguvu."

Sakafuni, kutoka ngazi mpaka kwenye chumba cha mashine, kulikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu. Zilikuwa za maji ya udongo. Zilikwenda, hazikurudi. Wakasimama wote wawili wakisikiliza, na ndani ya chumba cha mashine, chini ya mngurumo wa feni, walisikia kitu kama kitenge kinakamuliwa, maji yanaanguka, kimya, kinakamuliwa tena.

Delphin akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Juu ya seva kulikuwa na dimbwi dogo, na taa zake za kijani zilikuwa zinawaka vizuri kabisa.

Jumatano alikata kamba. Akatenganisha alichokiunganisha: karani huku, tarishi kule, hawana neno la kupeana. Akachomoa waya wa intaneti. Akazima umeme wa chumba kizima, akakaa gizani na funguo mkononi. Kabla hajatulia simu ya bureau ikalia. Alikuwa mwenye lori kutoka Kasindi. "Mbona munatuandikia barua ya mutu amekufa? Iko na jina yake kabisa. Inauliza nani alimufuta." Akaja mwingine wa Beni. Akaja mwingine wa Kyavinyonge, yule Kanyere Solange wa samaki, sauti inamtetemeka: "Papa, munitoe ku orodha yenu. Anajiita jina yangu. Anasema mi niko nakaa mu fasi yake. Mi sikumufanyia kitu."

Mzee Malachie alikuwa Mprotestanti wa zamani, mtu wa suti na karatasi, lakini hata yeye siku hiyo alikaa na Biblia magotini. "Mi si mutu wa kuamini mizimu," akasema. "Mais mashine yenye kuzimwa haiandikake barua. Muite Mama Orpa."

Mama Orpa wa kikundi cha maombi alifika Alhamisi saa tatu, sweta ya kijani, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Hakuwa mtu wa makelele. Akapanda ngazi polepole akivuka nyayo asizikanyage, kama mtu anavyovuka mkeka wa mwenziwe. Akaingia chumba cha mashine, akaweka mkono juu ya seva, akafumba macho, akaanza kuomba. Sophie alikuwa anaitikia. Delphin alisimama nyuma, na kadiri maombi yalivyokwenda harufu ya mto ilipanda, ikajaa chumba, ikaingia mdomoni, mpaka akawa anameza matope, na masikioni alisikia maji yakipita kwa kasi na ndani ya maji mtu anahema, anahema kwa shida, anatafuta pa kushika na hapati, na alitaka kupiga kelele lakini aliogopa kwamba akifungua mdomo kitakachotoka ni kile ambacho hakutaka kitoke.

Mama Orpa akanyamaza katikati ya sentensi. Akaondoa mkono, akaufuta kwenye sketi.

"Huyu mi simufukuze," akasema.

"Ju ya nini, Mama?" Mzee Malachie akauliza.

"Pepo nafukuzaka. Pepo inaingia fasi haiko yake. Huyu hapana pepo. Ni mutu alitolewa mu fasi yake, anauliza. Nimufukuze aende wapi? Kaburi iko na mugomba ndani." Akageuka, akamtazama Delphin moja kwa moja. "Kuna mutu humu anajua jibu yake."

Delphin akainamisha macho. "Mi sijui kitu, Mama."

"Sawa. Mais nakuambia, mutoto. Siku utasema, sema yote. Sema kwa kinywa, mbele ya ule mama. Ukisema nusu, ni kama mulango umeegesha. Mwizi hata hana haja ya kuvunja." Akafunga Biblia kwenye mfuko wake akashuka, na tena hakukanyaga nyayo hata moja.

Mtu mwenye akili angemfuata pale pale ngazini. Delphin alikwenda kunywa chai.

Ijumaa alfajiri alikuwa bureau kabla ya saa kumi na moja, maana usiku mvua ilikuwa imepiga tena milimani na mtu wa Umoja kule mtoni alikuwa ametuma habari: daraja la miti lililowekwa kwa muda limeanza kulegea, linaweza kwenda wakati wowote. Mzee Malachie akaamuru: unganisha mashine, liwalo na liwe, watu watakufa. Delphin akarudisha waya. Karani akampa tarishi barua, tarishi akaondoka. Delphin akafungua daftari la seva kuhakikisha, mistari inapanda moja baada ya nyingine, imefika, imefika, imefika, na mwisho wa orodha macho yake yakakuta mstari ambao hakuwahi kuuona.

Kanyere Eliane, Beni. Imekataliwa. Jina lipo tayari.

Dada yake. Alikuwa amemwandikisha mwenyewe wiki mbili nyuma, kwa sababu Eliane alikuwa amepangiwa mafunzo kwenye kituo cha afya Kasindi. Na safari yake ilikuwa leo. Delphin akapiga simu. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga mara tisa. Kisha ikaingia barua kwenye sanduku la msimamizi, na safari hii hakuifuta, aliisoma mpaka mwisho.

Kanyere wako ametoka. Saa kumi na mbili na nusu, sawa na mi. Ukungu ni ule ule. Ulisema Kanyere ni moja, Delphin. Basi namukamata wa kwako, tuwe moja.

Alishuka zile ngazi sijui kwa miguu gani. Kwenda mtoni kutoka Butembo ni safari ya masaa, hiyo aliijua hata katika wazimu wake. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kufika kwa wakati, nyumbani kwa Mama Kavugho. Akakamata pikipiki, akapanda mlima wenye mikaratusi nyuma ya mji, ukungu unampiga usoni, na njia nzima nyuma yake alisikia nyayo zilizolowa zikikimbia, pata pata pata, hazimpiti wala haziachwi, akigeuka haoni kitu isipokuwa barabara yenye michirizi ya maji, na alikuwa anaomba na kulia na kuahidi, nitasema, Solange nitasema, umungojee kidogo, yeye hajui kitu, umungojee.

Mama Kavugho alikuwa nje ya nyumba yake anachambua maharagwe. Delphin akapiga magoti kwenye matope.

"Mama, mutoto wako hakupata barua."

Mikono ya mama ikasimama.

"Mimi njo nilimufuta. Kulikuwa Kanyere Solange babili, nikazani ni mutu moja. Nikabakisha wa Kyavinyonge. Sikupiga simu kuuliza. Barua haikumufikia hata kidogo. Hakukuwa kichwa ngumu. Alienda ju hakuambiwa."

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Mama Kavugho akaweka ungo wa maharagwe chini. Akainuka, akaja mpaka karibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Na ile karatasi?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo. Majirani wamejaa kwenye ua, mmoja wao mwalimu, mwingine polisi aliyevaa nusu sare. Delphin akaona jela. Akaona Mzee Malachie akimtoa bureau, akaona jina lake likitembea Butembo yote kama la mtu aliyeghushi karatasi ya maiti. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Akayameza.

"Ile karatasi... mashine iliandika vile, Mama. Mashine nayo ilikosea."

Mama Kavugho akamtazama kama alivyomtazama siku ya matanga. "Mashine," akasema. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Simu ikalia mfukoni mwa Delphin. Alikuwa Eliane, ambaye humwita kaka yake Yaya.

"Yaya, umenipigia mara tisa, kuna nini? Niko ng'ambo. Niko muzima."

Delphin akakaa chini kabisa, kwenye matope, akalia mbele ya watu. Eliane akamweleza. Walipokaribia mto, ukungu ni wa kukata kwa kisu, kulikuwa na mwanamke amesimama katikati ya barabara, maji yanamtiririka, ameshika juu ya kichwa mfuko wa makaratasi kama anayevuka. Motari akafunga breki. Mwanamke akauliza jina. "Nikasema Kanyere. Akaniuliza: kaka yako amesema? Nikasema sijui, asema nini? Akageuza sikio, yaya, kama mutu anasikiliza kitu iko mbali. Kisha akacheka kidogo. Akasema: amesema nusu. Pale pale, mbele yetu, daraja ikaenda, mu macho yetu, miti yote. Kama asingetusimamisha tungekuwa juu yake. Tumevushwa na mutumbwi."

"Na ule mwanamuke?"

"Hatukumuona tena. Mais motari alilalamika njia yote mupaka Kasindi. Anasema pikipiki yake iko nzito, kama imebeba batu batatu."

Kuanzia siku hiyo mambo yalitulia. Mwili wa Solange ulionekana Jumanne, umekwama kwenye mizizi chini ya mto, na makaratasi bado ndani ya mfuko. Wakafukua mgomba, wakamzika mwenyewe, na watu waliokuwa wameondoka mara ya kwanza safari hii walikaa mpaka mwisho. Bureau ilikauka. Barua za kwenye sanduku la msimamizi zikakoma. Mia nne na kumi na wawili, kila alfajiri, hata mmoja hakuzidi. Mzee Malachie akamkaripia Delphin kwa uzembe, akamkata siku, akamsamehe. Sophie akarudi kuimba akifagia. Delphin alinenepa kidogo. Akajiambia nusu imetosha.

Baada ya wiki tatu Eliane akarudi Butembo kwa Dominika moja. Nyumba ikajaa, mama yao kapika ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, Mzee Malachie kaalikwa kwa heshima, na Mama Orpa alikuwa amepitia kusalimia akazuiwa asiondoke bila kula. Jua lilikuwa linawaka. Mama yao akageukia jikoni, akaita kama alivyoita miaka yote:

"Kanyere!"

"Abee, mama," Eliane akaitika kutoka jikoni.

"Abee, mama," akaitika mwingine nyuma yake, pumzi moja baadaye.

Mama Orpa akageuza kichwa kuelekea jikoni. Mama yao hakusikia, au alisikia akadhani ni ukuta unarudisha sauti. Eliane akatoka na chakula. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na alikotoka miguu yake iliacha alama kwenye saruji. Akaweka sahani mbele ya kila mgeni kwa adabu, magoti yamekunjwa kidogo, alivyolelewa. Kisha akaweka mbili mahali pake, bega kwa bega, akakaa.

Delphin alikuwa hajamwambia dada yake kuhusu daftari la seva. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Eliane akamega bukari, akaliviringa vizuri, akamwinulia kaka yake macho. Yalikuwa ya upole, na hayakuwa yake.

"Yaya Delphin," akasema kwa sauti mbili. "Ule mustari wa saa kumi na moja na dakika mbili, nani aliuandika?"

"Mustari gani?" akauliza Mzee Malachie, akiweka sahani yake chini.

Meza nzima ikamgeukia Delphin. Chini ya meza, maji yalikuwa yameshafika vifundoni, na yalikuwa ya baridi.

"Tunangoja," Kanyere akasema.